Kulwa na Doto

Tuliikuta Kibosho, bandani, kuku wametaga juu ya kiti.
Mama Ndekirwa akahesabu mayai kwanza,
ndipo akataja bei:
debe mbili za mahindi na simu ya kitochi yenye redio.
"Ya marehemu," akasema. "Ndiyo aliyokagulia mibuni,
kata hadi kata, mvua na jua."
Nikaishusha Pasua kwa guta,
imefungwa kamba za katani kama mbuzi wa mahari.

Mchana mimi ni wa bodaboda:
plagi, klachi, cheni iliyolegea,
kijana kanisimamia kichwani, "Fundi, abiria ananisubiri."
Usiku ni wa huyu mzee wa silinda mbili.

Nati zake hazikunijua.
Kumi na mbili inapwaya, kumi na moja haiingii.
Mwingereza alikuja na vipimo vyake, akaondoka navyo.
Nikazunguka Memorial Jumamosi tatu
nikichakura mafungu ya vyuma,
hadi kwa Mpare mmoja aliyekuwa na spana ya inchi
akifungulia soda.
Nyingine nilizichonga kwa tupa, nikipima kwa kucha.

Ndani, pistoni zilikuwa zimeshikana na kuta zake
kwa kutu ya miaka thelathini na kitu.
Nikazimwagia dizeli na oili ya gia, nikangoja juma zima,
nikagonga kwa kipande cha mgrivea, polepole,
mpaka zikatoka.
Aikande akacheka: "Kulwa na Doto!"
Na kweli. Hupanda pamoja, hushuka pamoja,
ila kuwaka ni kwa zamu;
mmoja akipiga kelele, mwenzake anavuta pumzi.

Kisha tukaanza kupunguza.
Taa, toa. Madigadi, toa. Honi, toa.
Breki ya mbele:
hapo nikasita, spana mkononi.
Miaka ishirini nawahubiria vijana breki, breki, breki.
"Kwenye vumbi, baba mdogo, breki ya mbele ni kaburi,"
akaniambia huyu niliyembeba mgongoni akiumwa surua.
Nikaitoa. Waya wake nikafungia mlango wa banda.

Kiatu chake cha kushoto nikakivisha soli ya chuma,
kipande cha bampa la Landrova,
maana ndicho kitakachoandika kila kona.

Kahe, kwenye uwanja wa zamani wa kuanikia katani.
Boza la maji lilipita mara mbili, ardhi ikanywa yote.
Kibo kimejifunika, hakitaki kuona.
Pikipiki tano; nne za Kijapani, safi kama meno ya bandia.
Yetu ilishatia alama mahali pake, tone kwa tone.
(Siku usipoiona inavuja, ujue imekauka.)

Aikande akapiga kiki. Kimya.
Ya pili ikamrudishia teke.
Ya tatu Kulwa akaitika, na Doto nyuma yake,
sauti ya tumboni, mawe ndani ya pipa.

Mama Ndekirwa, tuliyemleta na kiti chake cha plastiki,
akasimama. Akafunga kanga upya.
"Maji yake sijainjika," akasema,
si kwangu, si kwa mtu.
Bendera ilishuka, sikuiona.

Nilipogeuka walikuwa kona ya pili.
Kule ukitaka kwenda kushoto, geuza usukani kulia,
liache gurudumu la nyuma likimbie linakotaka
na wewe usilionee haya.
Soli ya bampa ilikuwa ikitoa cheche.

Akawa wa tatu. Si haba,
ingawa wa nne alianguka
na wa tano alisimama kumwinua.

Bibi akasogea, akaleta kiganja karibu na tangi,
akakiondoa upesi. La moto.
Akainama kutazama chini ya injini.
"Hata enzi zile ilikuwa hivi," akasema.
"Nilikuwa naitandikia.
Mna gunia?"